Kwa nini walioshindwa vita Marekani walirudi kutawala kusini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, nakuandikia kutoka Pemba. Wenye watumwa wa Marekani walishindwa vita mwaka 1865. Serikali ya Washington ilikuwa na jeshi, ilikuwa na Bunge, na utumwa ulikwishafutwa kwenye katiba. Imekuwaje miaka 12 tu baadaye wale wale walioshindwa wakawa watawala tena kusini? Kitabu kimoja nilichosoma kinasema watu weusi walikabidhiwa madaraka kabla hawajawa tayari. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu huniuma kila ninapolikuta: si kweli. Hoja hiyo ilienezwa na wanahistoria wa kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati watu weusi wa kusini walikuwa wamekwisha kunyang'anywa kura, na kazi yake ilikuwa kuuhalalisha unyang'anyi huo. Serikali za kusini walizoshiriki watu weusi hazikuanguka kwa kukosa uwezo. Ziliangushwa. Ziliangushwa kwa bunduki, kwa deni, na kwa uchovu wa watu wa kaskazini walioapa kuzilinda. Tena mlango wa kuangushwa kwao ulifunguliwa mapema, mwaka 1865 wenyewe, kabla watu waliotoka utumwani kusini hawajapewa haki ya kura. Mlango huo ni ardhi.

Turudi Januari 12, 1865, mjini Savannah, Georgia. Vita bado havijaisha. Jenerali William Sherman wa jeshi la kaskazini na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, waliwaita wachungaji na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi wakawauliza: mnataka nini? Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejinunua yeye na mkewe miaka minane kabla ya hapo kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Jibu lake halikuwa na mzunguko. Alisema njia bora ya kujitunza ni kupata ardhi na kuilima kwa jasho lao wenyewe. Alipoulizwa kama wangependa kuishi wamechanganyika na wazungu au peke yao, alisema yeye angependa peke yao, kwa sababu chuki ya kusini itachukua miaka mingi kuisha. Huyu ndiye mtu ambaye vitabu vile vinasema hakuwa tayari.

Siku nne baadaye Sherman alitoa Amri Maalumu Namba 15. Visiwa na mashamba ya mpunga ya pwani, kuanzia Charleston kushuka hadi Florida, umbali wa maili 30 kutoka baharini, vilitengwa kwa ajili ya familia zilizotoka utumwani, kila familia isizidi ekari 40. Kufikia katikati ya mwaka huo watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa kwenye ekari kama 400,000. Walipanda, walijenga, walichagua viongozi wao.

Aprili vita vilikwisha, na Aprili hiyo hiyo Rais Abraham Lincoln akauawa. Aliyeshika nafasi yake, Andrew Johnson wa Tennessee, alikuwa fundi cherehani aliyetoka katika umaskini. Aliwachukia matajiri wa mashamba makubwa, na wengi walidhani atawabana kweli kweli. Lakini wazo la mtu mweusi kuwa raia sawa na mzungu lilimchukiza zaidi. Mei 29, 1865 alitangaza msamaha: aliyeapa utii kwa serikali anarudishiwa mali yake yote isipokuwa watumwa. Matajiri wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 walitakiwa waje kumwomba wenyewe. Wakaja, na akawasamehe kwa maelfu. Na mwenye shamba aliyesamehewa alidai shamba lake.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa kuwa jambo hili ndilo moyo wa swali lako. Oktoba 1865 Jenerali Oliver Otis Howard alitumwa kisiwa cha Edisto, Karolina Kusini, kuwaambia watu kwamba ardhi inarudi kwa mabwana. Howard alikuwa mkuu wa Idara ya Watu Walioachwa Huru, chombo kilichoundwa na Bunge Machi mwaka huo kusimamia shule, chakula, hospitali na mikataba ya kazi. Alikuwa mtu wa dini, na aliwapenda watu wale. Walikusanyika kanisani, akawaeleza, akawasihi wawasamehe mabwana wao wa zamani na wakubaliane nao mikataba. Kamati ya wanakisiwa ilimjibu kwa barua. Walimkumbusha kwamba yeye alipoteza mkono wake wa kulia vitani, na huenda kwa hilo akaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, aliyewavua nguo mama yangu na dada yangu akawapiga, na ambaye leo haniachii hata kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei anayoitaka yeye, huyo siwezi kumsamehe kwa urahisi. Ndivyo walivyoandika, na walitia hoja ambayo hakuna mwanasheria wa Washington aliyeijibu: bila ardhi tutabaki chini ya wale wale, na sheria itakuwa mikononi mwao.

Askari walitumwa, na wanakisiwa wengi wakaondolewa kwenye ardhi ile.

Unaweza kuuliza kama kugawa ardhi kuliwezekana. Kuliwezekana. Mbunge Thaddeus Stevens wa Pennsylvania alipendekeza mwaka huo huo kwamba mashamba ya wenye mali wakubwa 70,000 wa kusini yachukuliwe, kila mwanamume aliyetoka utumwani apewe ekari 40, na kinachobaki kiuzwe kulipia gharama za vita. Wenzake wengi katika chama chake cha Republican walikataa. Mali ya mtu, walisema, haiguswi. Serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiyagawia makampuni ya reli zaidi ya ekari milioni 100 za ardhi ya umma, kwa hiyo ekari hazikuwa haba. Kilichoogopwa ni mfano: mfanyakazi wa kiwanda kule kaskazini akiona ardhi ya tajiri wa kusini imegawiwa waliomlimia, naye ataanza kuhesabu jasho lake. Na lilikuwepo suala la pamba. Viwanda vya kaskazini na vya Uingereza vilitaka pamba irudi sokoni haraka, na mkulima mwenye ekari 40 zake hupanda kwanza mahindi ya kula. (Pwani yetu iliuonja msukosuko huo. Kitambaa cha merikani kilichouzwa Unguja kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, na vita vilipokatisha pamba hiyo, biashara ile ilidhoofika na vitambaa kutoka kwingine vikachukua nafasi.)

Mabwana waliporudi kwenye mabunge ya majimbo, walitunga sheria za kuwafunga watu mahali pao. Mississippi ilitangulia, Novemba 1865. Kila Januari mtu mweusi alitakiwa aonyeshe hati ya kuwa ana kazi. Akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha, anapoteza mshahara na anaweza kukamatwa. Hakuruhusiwa kukodi ardhi nje ya miji. Watoto yatima walikabidhiwa waajiri kama wanagenzi, na bwana wa zamani alipewa nafasi ya kwanza. Asiye na hati alikuwa mzururaji, na mzururaji hutozwa faini, na asiyeweza kulipa faini hukodishwa kwa atakayemlipia. Wewe wa Pemba hutashangaa: amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 nayo ilimtaka aliyetambuliwa kuwa huru aonyeshe makazi na njia ya riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji, huku wenye watumwa wakiahidiwa fidia. Wanaokomesha utumwa kwa kalamu mara nyingi huwa wamekwisha kufikiria nani atavuna msimu ujao.

Sheria hizo, pamoja na mauaji ya watu weusi Memphis na New Orleans katika mwaka 1866, ziliwashtua wapiga kura wa kaskazini. Bunge likamvua Johnson usukani wa mambo ya kusini. Marekebisho ya 14 ya katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1868, yalimfanya kila aliyezaliwa nchini kuwa raia na kumwahidi ulinzi sawa wa sheria. Sheria za Machi 1867 ziliweka majimbo kumi ya kusini chini ya jeshi, katika kanda tano, mpaka yaandike katiba mpya kwa kura za wanaume wote. Mwaka 1868 Johnson aliponea kura moja tu kuondolewa madarakani. Marekebisho ya 15, mwaka 1870, yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Tarehe hizi zimo kwenye kitabu chako, sina haja ya kuzirefusha.

Ninalotaka ulione ni watu walivyoitumia nafasi hiyo. Zaidi ya wanaume weusi 700,000 walijiandikisha kupiga kura mwaka 1867. Walipoketi kuandika katiba ya Karolina Kusini, Charleston, mwaka 1868, wengi wa wajumbe walikuwa weusi, na baadhi walikuwa watumwa miaka mitatu nyuma. Waliandika nini? Shule za umma kwa watoto wote, katika jimbo ambalo kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Walifuta kifungo kwa ajili ya deni. Waliondoa sharti la kumiliki mali ili mtu agombee. Walimpa mwanamke aliyeolewa haki ya mali yake. Mzungu maskini alifaidika na katiba ile kama alivyofaidika mtu mweusi.

Mmoja wa wajumbe alikuwa Robert Smalls, mzaliwa wa Beaufort. Akiwa bado mtumwa, alfajiri ya Mei 13, 1862, aliiteka meli ya kijeshi iitwayo Planter katika bandari ya Charleston, akapita mbele ya ngome za adui kwa kuiga ishara za nahodha, akaifikisha kwa jeshi la kaskazini na familia yake ikiwa ndani. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana aliyemmiliki, akachaguliwa kuwa mbunge Washington. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti mwaka 1870, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kwa jumla watu weusi 16 walikaa Bungeni katika kipindi hicho, na mamia kwa mamia walikuwa mahakimu, wakaguzi wa kodi, wajumbe wa bodi za shule. Ufisadi ulikuwepo? Ulikuwepo, hasa katika hati za reli, na walikula weupe na weusi. Miaka hiyo hiyo genge la mwanasiasa wa kizungu Tweed lilikuwa likiitafuna hazina ya jiji la New York, na hakuna aliyesema kwamba wazungu hawajawa tayari kujitawala.

Nje ya siasa, watu walikuwa wakijenga maisha yao. Walitembea maili mamia kutafuta mke aliyeuzwa, mtoto aliyeuzwa. Waliweka matangazo magazetini wakitaja jina la bwana na mwaka ndugu yao alipopelekwa mbali. Ndoa ambazo sheria ilizipuuza waliziandikisha. Walitoka kwenye makanisa ya mabwana wakajenga yao. Kufikia 1869 shule karibu 3,000 zilikuwa kwenye orodha ya Idara ya Howard, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 150,000, na babu aliketi benchi moja na mjukuu. Mwaka 1870 watu weusi wanane kati ya kumi nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1900 walikuwa wamebaki pungufu ya nusu.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Walikataa kulima kwa makundi chini ya msimamizi mwenye mjeledi, na katika hilo walishinda. Shamba kubwa likakatwa vipande, kila familia kipande chake. Mwenye ardhi alitoa mbegu, nyumbu na jembe, kisha alichukua nusu ya mavuno, pengine zaidi. Chakula cha mwaka mzima kilikopwa dukani kwa rehani ya zao ambalo bado liko shambani, kwa riba ya kuumiza. Mwenye duka alikubali rehani ya pamba tu. Kwa hiyo mkulima alipanda pamba mpaka mlangoni kwake, bei ya pamba ikashuka miaka nenda miaka rudi, na kila Desemba daftari lilisomwa na yule yule aliyeliandika. Anayedaiwa hawezi kuhama. Na anayeishi kwenye nyumba ya bwana huambiwa ampigie nani kura.

Wale ambao deni halikuwatosha walifuatwa usiku. Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu, lilianzia Pulaski, Tennessee, mara baada ya vita. Liliwalenga walimu, makatibu wa chama cha Republican, wenye mashamba yao, waliothubutu kushtaki mahakamani. Tafadhali wafundishe wanafunzi wako kwamba ukatili huo ulizuilika. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant, kwa sheria mpya ya Bunge, alisimamisha katika wilaya tisa za Karolina Kusini haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya hakimu, askari wakakamata mamia, kesi zikasikilizwa mbele ya mabaraza ya wazee wa mahakama yenye watu weusi, na Klan likavunjika. Serikali ilipotaka, iliweza.

Ikaacha kutaka. Mwaka 1873 uchumi uliporomoka, viwanda vikafungwa, na wapiga kura wa kaskazini wakachoka kusikia habari za kusini. Juni 1874 Benki ya Akiba ya watu walioachwa huru ilifunga milango. Wenye akiba zaidi ya 61,000 waliachwa na karibu dola milioni 3 zikiwa zimekwama ndani, senti za wafuaji nguo na wanajeshi weusi wa zamani, baada ya wakurugenzi kuzikopesha ovyo. Mwaka huo chama cha Democratic, ambacho kusini kilikuwa chama cha mabwana wa zamani, kikachukua wingi wa Baraza la Wawakilishi. Huko Colfax, Louisiana, siku ya Pasaka ya 1873, wanamgambo wa kizungu walikuwa wamewaua makumi ya watu weusi, wengi wao baada ya kujisalimisha. Kesi ilipofika Mahakama Kuu mwaka 1876, majaji walisema marekebisho ya 14 yanazuia majimbo tu, hayawahusu watu binafsi, wakawafutia washtakiwa hukumu. Baada ya hapo muuaji alijua pa kusimama.

Mississippi 1875 ndipo ninapopaona pa kuvunja moyo kuliko pote. Gavana Adelbert Ames aliomba askari wa kuwalinda wapiga kura weusi, akajibiwa kwamba umma umechoka na ghasia hizi za kila mwaka za msimu wa uchaguzi. Katika wilaya ya Yazoo, yenye maelfu ya wakazi weusi, chama cha Republican kilihesabiwa kura 7. Saba. Mwaka uliofuata uchaguzi wa rais ulikwama kwa mgogoro wa kura za Karolina Kusini, Louisiana na Florida. Rutherford Hayes akapewa urais kwa kura 185 dhidi ya 184 za wateule wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, na Aprili 1877 askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican huko Columbia na New Orleans wakarudishwa kambini. Miezi mitatu baadaye Hayes huyo huyo alituma askari dhidi ya wafanyakazi wa reli waliogoma.

Umetaja pia, kwenye sehemu ya barua yako ambayo sikuinakili, kwamba huenda walioshindwa hawakuadhibiwa vya kutosha. Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga, alikaa kizuizini miaka miwili, akaachiwa, hakuhukumiwa kamwe. Makamu wake, Alexander Stephens, alirudi Bungeni mwaka 1873 na akafa akiwa gavana wa Georgia. Mimi sidhani kunyonga wengi kungebadilisha mengi. Msamaha haukuwa kosa kwa wenyewe. Kosa ni kwamba Johnson aliutoa pamoja na shamba, na hakumuuliza aliyechapwa viboko.

Darasani, basi, usianze somo hili na kura za 1867. Anza na Savannah na Edisto, ili mwanafunzi aone watu walitaka nini na walinyimwa nini. Wala usiandike ubaoni kwamba yote yaliisha 1877, kwani hilo nalo linawadhulumu. Kufikia 1900 karibu robo ya wakulima weusi wa kusini walikuwa wamejinunulia ardhi, bila msaada wa mtu. Waliendelea kupiga kura na kuchaguliwa mahali pengi, na ndiyo maana majimbo yalilazimika kuandika katiba mpya za kuwazuia, kuanzia Mississippi mwaka 1890, kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 kwenye daftari mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Mbunge mweusi wa mwisho kutoka kusini, George White wa Karolina Kaskazini, alitoka Bungeni Machi 1901. Aliyemfuata kutoka majimbo hayo hakupatikana hadi uchaguzi wa 1972, miaka saba baada ya sheria ya haki ya kura ya 1965, iliyosimama juu ya marekebisho yale yale ya 15: walichaguliwa wawili kwa pamoja, Barbara Jordan wa Texas na Andrew Young wa Georgia.